Kisanduku Kilichokataa Kulala

Rafiki yangu alianza kukauka sauti majira yale yale ambayo kisanduku chetu kilianza kukataa kulala, na mimi nikaona kisanduku ndicho kinachohitaji kutazamwa. Sauti nilisema ni vumbi. Isiolo ina vumbi la kutosha kueleza ugonjwa wowote, na mtu aliyesomea kompyuta chuo kikuu hupenda sana jibu linalopatikana upesi.

Tulikuwa wawili katika chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo. Serikali za kaunti zilipoanza, wengi wetu wenye digrii tulirudi mbio kutoka Nairobi kana kwamba kuna viti vilivyoandikwa majina yetu. Mimi, Mmeru wa kule juu mlimani, nilipanga nyumba mtaa wa Kiwanjani hapo Isiolo nikangoja kiti changu. Nikiwa nangoja niliandika makala za magazeti kuhusu mustakabali wa Kaskazini, nazo zilichapishwa siku ambazo matangazo ya biashara yalikuwa haba. Yeye, Mborana wa Merti, alikuja na wazo badala ya barua ya kuomba kazi. Wazo lenyewe lilikuwa hicho kisanduku.

"Profesa," aliniambia siku ya kwanza, na hakuniita vingine tena, ingawa sijawahi kufundisha hata chekechea, "wewe unajua kerneli. Wacha kuandika juu ya maendeleo, kuja tufanye kidogo."

Kerneli ni kile kiini cha mfumo wa kompyuta kinachozigawia programu nyingine umeme, nafasi na zamu. Nilikuwa nimeichezea kwa miaka, nikituma viraka vidogo vya programu kwa watu wa ng'ambo nisiowajua, kama wanaume wengine wanavyocheza drafti. Kisanduku kilikuwa kompyuta isiyozidi kipande cha sabuni kwa ukubwa, iliyofungwa kwenye nguzo kando ya kisima cha pampu. Kilipima maji kwenye tangi, kikawasha pampu tangi likipungua, kikaizima likijaa. Usiku kililala ili betri ya sola ibaki na nguvu ya kuamkia. Hiyo ndiyo kazi yake yote.

Kisima cha kwanza kilikuwa cha kwao, nje ya Merti, ambapo baba yake hunywesha ng'ombe. Kabla ya hapo palikuwa na mtu wa pampu mwenye ufunguo, na siku nyingine mtu huyo alikuwa harusini pamoja na ufunguo. Rafiki yangu ndiye aliyesimama mbele ya kamati ya maji akasema kisanduku hakiendi harusini. Wazee walikubali kwa sababu aliyesema ni mtoto wao. Baba yake aliuliza swali moja tu.

"Hii kitu inahesabu nini?"

"Maji, abba."

"Maji sawa. Ng'ombe isihesabu."

Watu walicheka. Nami nikacheka, bila kujua tunacheka nini.

Kisanduku kilifanya kazi msimu mzima. Halafu asubuhi moja hakikuamka. Betri ilikuwa imekwisha kabisa. Ng'ombe walifika wakakuta mabirika ya kunywea makavu, wakasimama juani wakilia mpaka mtu wa pikipiki alipoleta betri nyingine. Baada ya muda ikatokea tena. Mwenyekiti wa kamati akatuma ujumbe wa sauti, akiongea polepole kama mtu anayezungumza na mgonjwa, ingawa wakati huo hakuna aliyejua ugonjwa upo: mtoto wetu, tunakuheshimu, lakini tukipata asubuhi nyingine kama hii, tutang'oa.

Rafiki yangu aliusikiliza ujumbe ule mara nyingi, simu ikiwa imebanwa sikioni.

"Kiking'olewa kwetu," alisema, na sauti tayari ilikuwa inakwaruza, "hakuna mahali ingine kitasimama. Watasema hata baba yake alikataa."

Hilo ndilo lililokuwa mezani tangu siku hiyo. Hakuwa na shamba, hakuwa na cheo. Alikuwa na kisanduku kimoja kwenye nguzo, mbele ya watu waliomjua tangu akiwa uchi.

Niseme kidogo juu ya kulala. Ndani ya kerneli, kifaa hakizimwi kwa amri ya mtu mmoja. Kila sehemu ya programu inayotaka kutumia waya wa vipimo, ule unaofika kwenye kipimo cha tangi, huomba kwanza, na hesabu inapanda kwa moja. Ikimaliza inaachia, hesabu inashuka. Ikifika sifuri, maana yake hakuna anayetumia, basi waya unazimwa na kisanduku kinalala. Ni utaratibu mzuri ikiwa kila anayechukua anarudisha. Mmoja akichukua akaenda zake, hesabu haifiki sifuri tena, na kisanduku kinakesha kikimngoja mtu ambaye hayupo.

Tuliona wazi kwamba hesabu ilikuwa inabaki juu. Ila hesabu ni bubu. Inakuambia kuna aliyeshika, haikuambii nani. Niliipekua programu mstari kwa mstari, na kila juma nilikuwa na hakika nimempata mwizi. Nilibadilisha sehemu ambazo hazikuwa na kosa, nikaziharibu, nikazirudisha. Mke wangu alikuja kuniona siku moja akasema nafanana na mtu anayetafuta miwani huku ameivaa. Sivai miwani, lakini nilimwelewa.

Wakati huo rafiki yangu aliacha chapati kwa sababu hazishuki. Halafu akaacha wali. Alipofika kwenye chai na ikawa nayo inarudi, mkewe alimpeleka hospitali huko Meru. Walimkuta na uvimbe kooni, umejikita. Mkewe alinieleza tukiwa nje ya wodi, ameshika buibui lake kwa mikono miwili kana kwamba kuna upepo.

"Shemeji, nimewauliza kama tumechelewa. Wamesema si sisi tumechelewa. Ugonjwa ndio umewahi."

Wakamrudisha Isiolo, kitandani, na mpira wa kulishia. Baba yake akaja kutoka Merti akakaa kando ya kitanda, fimbo katikati ya magoti. Muuguzi mmoja, mama mchangamfu, alitaka kumchangamsha.

"Mzee, huyu ni wa ngapi? Una watoto wangapi?"

Mzee akatazama dirisha. Muuguzi alidhani hakusikia, akauliza tena kwa sauti ya juu. Rafiki yangu akainua kidole. Sauti yake wakati huo ilikuwa kama karatasi inayokunjwa.

"Sista, usimuulize hivyo. Kwetu watoto hawahesabiwi. Ng'ombe pia."

"Sasa mmoja akipotea mtajuaje?"

"Unasimama kwa mlango ya boma jioni wakiingia. Unaona yule mwekundu wa pembe moja hajakuja. Na unajua asubuhi alitoka na nani, akapitia wapi. Namba ya nini?"

Muuguzi akacheka, akaenda na dawa zake. Rafiki yangu alibaki ananitazama, macho yake makubwa kwenye uso uliopungua.

"Profesa."

"Naam."

"Sisi tunahesabu."

"Tunahesabu nini?"

"Kila kitu. Mtoto wa abba anahesabu. Hata aibu sina."

Nilichelewa kuelewa, kama kawaida yangu. Alimaanisha tuache kuuliza wangapi wameshika, tuanze kuuliza nani, na alipitia wapi kufika hapo. Wazo halikuwa geni duniani. Sehemu nyingine za kerneli zilikuwa na ufuatiliaji wa aina hiyo tayari, ila hakukuwa nao pale ambapo hesabu yetu ilikuwa inapotea, na mimi niliyejiita mjuzi sikuwa nimefikiria kuuweka. Nilikuwa naandika makala kuhusu maarifa asilia.

Tukaanza kazi hapo hapo wodini. Nilikuwa namsomea programu kwa sauti ya chini, naye akiinua kidole nilipokosea, na alikiinua sana. Kila anayeomba waya sasa angepewa kibandiko chenye njia aliyopitia ndani ya programu. Akiachia, kibandiko kinarudi na kuharibiwa. Jioni, kisanduku kingechapisha vibandiko ambavyo havijarudi. Rahisi kusema. Vibandiko navyo huhitaji nafasi ya kumbukumbu, na kerneli ina nyakati ambazo haikuruhusu kuomba nafasi ukangoja. Jaribio la kwanza liligandisha kisanduku chote. Nilikuwa nimeongeza ufuatiliaji ambao nao ulihitaji kufuatiliwa.

"Hiyo," alininong'oneza, "ni kama kuchunga mchungaji."

Ulipokuja kufanya kazi, kisanduku cha majaribio kwenye meza yetu mjini kililala fofofo kila usiku kama mtoto aliyeshiba. Hakuna kilichopotea. Basi ikabidi nipeleke programu mpya kule kule kwenye ugonjwa. Nilipanda pikapu ya unga iliyokuwa inaenda Merti, nikaketi juu ya magunia na betri ya akiba mapajani. Betri ilikuwa ya lazima, kwa sababu tulikuwa katika hali ya kijinga: tulihitaji kisanduku kikosee tena ndipo tumwone aliyeshika, na kikikosea tena mbele ya ng'ombe, kinang'olewa.

Nilikaa kwa baba yake, aliyekuwa amerudi kwa mifugo yake. Mzee alinipa maziwa, hakuniuliza chochote juu ya kisanduku, na juu ya mwanawe aliuliza kwa njia yake.

"Anakunywa?"

"Kidogo, kwa mpira."

"Maziwa?"

"Wanampa pia maziwa."

"Ya ng'ombe gani?"

Sikujua. Alitikisa kichwa, akasikitika kwa ajili ya maziwa yasiyojulikana yalikotoka.

Siku kadhaa hazikuwa na kitu. Kisha ikaja siku ya joto lililofanya hata mbuzi wakatae kutembea, na jioni nilipofungua kompyuta yangu chini ya nguzo, kibandiko kimoja kilikuwa hakijarudi. Nilibadilisha betri alfajiri, kabla ya ng'ombe. Mabirika yalijaa na hakuna aliyejua kitu.

Nilikisoma kibandiko kile mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Njia ilipita moja kwa moja kwenye kipande kinachosoma kipimo cha tangi. Kipande hicho kiliandikwa na rafiki yangu, tena ndicho alichojivunia, kwa sababu watu wa ng'ambo walikuwa wamekikubali kikaingia kwenye kerneli yenyewe inayotumiwa na kila mtu. Joto likizidi, kipimo kilikuwa kinakataa kujibu. Programu yake iliomba waya uamke, ikaambiwa imeshindikana, ikaondoka mara moja bila kuachia kitu. Lakini katika kerneli, ombi la namna ile hupandisha hesabu hata likikataliwa. Lazima uachie kile ambacho hukupewa. Imeandikwa hivyo mahali fulani, na wengi duniani wamejikwaa hapo.

Njiani kurudi nilikuwa natunga jinsi ya kumwambia. Kila sentensi ilianza na "tumekosea". Nilikuwa nimeishi kwa kutunga sentensi, na hakuna hata moja iliyofaa.

Nilipofika alikuwa hawezi kusema tena hata kwa kunong'ona. Nilimpa simu yangu yenye kile kibandiko. Alisoma, na baada ya muda mwili wake ukaanza kutetemeka. Mkewe akasimama. Nami nikasimama. Kumbe anacheka. Akachukua simu yake, akaandika kwa kidole gumba, akanigeuzia.

"Umeomba ng'ombe. Umenyimwa. Utarudisha nini?"

"Hakuna," nilisema.

Akaandika tena: "Lakini wao washaona umepewa."

Nikacheka hata machozi, na kwa muda mfupi machozi hayo yalikuwa ya kucheka kweli. Mkewe alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Nyinyi wanaume mnacheka nini?"

Nikajaribu kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, mvumilivu, kisha akauliza, "Kwa hivyo ni kosa la nani?"

Rafiki yangu akainua mkono, kama mwanafunzi.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mstari mmoja. Niliuweka kwenye kisanduku cha Merti kupitia mtandao siku hiyo hiyo, kwa njia niliyoifungua nilipokuwa kule. Lakini mstari uliowekwa kwa mkono haudumu. Kerneli mpya ikija, unafutika, na kosa linarudi na asubuhi kavu yake. Ilibidi upelekwe ng'ambo, ukubaliwe, uingie kwenye kerneli ya watu wote. Nao wana desturi yao: kiraka kinachorekebisha kosa lazima kitaje badiliko lililoleta kosa, na badiliko lina jina la mwenyewe. Linabaki hapo milele, hata baada ya mtu kuondoka. Nilimwambia tunaweza kuandika kwa maneno ya juu juu, tusitaje.

Aliandika muda mrefu, akifuta na kurudia. "Weka jina langu. Wasipojua ilianza wapi, hawatajua ni visanduku gani viko nayo." Halafu, baada ya kupumzika: "Ipokelewe. Usiiache ya mkono."

Nilituma kiraka kikiwa na jina lake. Alifariki kabla ya jibu kuja.

Walimpeleka Merti siku ile ile, kama ilivyo desturi ya Waislamu, na nilifika nikiwa nimekosa sala. Nilisimama nyuma ya watu nisijue mikono niiweke wapi. Mwenyekiti wa kamati alinijia, akanisalimu, akasema maji yako sawa. Nadhani lilikuwa neno la kunifariji. Baba yake alinishika mkono akauweka kwenye goti lake, tukakaa hivyo.

Simu ya rafiki yangu ilibaki kwa mkewe. Aliiacha ikiwa na chaji kwa sababu watu walikuwa bado wanatuma pole. Juma lililofuata alinipigia.

"Shemeji, simu yake imelia. Kuna mtu anamwandikia Kizungu."

Nikajua papo hapo. Programu inayotuma viraka ilikuwa imesoma ule mstari unaotaja badiliko la zamani, ikamtafuta mwenyewe, ikampelekea nakala kwa barua pepe. Nilikuwa nimekituma kiraka kwake mwenyewe, na sasa kila anayejibu alikuwa anamjibu naye pia.

"Ni mimi wanajibu," nilimwambia. "Wanataka nibadilishe maelezo."

"Lakini imekuja kwake."

"Ni utaratibu wao."

"Mmewaambia ameenda?"

"Hapana."

"Sawa," akasema.

Niliandika maelezo upya, nikatuma toleo la pili, na safari hii niliiondoa anwani yake kwa mkono. Nilijiona mtu mwema. Wale wa ng'ambo walijibu, nikapata mimi peke yangu. Siku chache baadaye mkewe akapiga tena.

"Shemeji, wamemaliza na yeye?"

"Kwa nini?"

"Haijalia."

Katika toleo la tatu niliirudisha anwani yake mahali pake. Alipiga jioni hiyo jibu lilipofika, na sauti yake ilikuwa nyepesi kidogo.

"Leo wanataka nini?"

"Kuna nafasi moja imezidi mwanzo wa mstari. Wanataka niitoe."

"Nafasi tupu?"

"Nafasi tupu."

"Hao watu ni wakali," alisema, na nikasikia kama anatabasamu. "Alikuwa anaongea na watu hivi kila siku?"

"Kila siku."

Kutoa nafasi tupu ni kazi ya kubonyeza kitufe kimoja. Sikukibonyeza. Nilijua nikiitoa watakipokea kiraka, na wakikipokea hakuna atakayemwandikia tena. Maisha yangu yote nimechelewesha kazi kwa uvivu. Mara hii nilikuwa na sababu ya heshima, na niliifurahia kwa namna ambayo sipendi kuikumbuka. Nilijitengenezea chai. Nilianza makala.

Ujumbe wa sauti wa baba yake ndio uliokatiza. Alikuwa ameazima simu ya mtu, na nyuma yake ng'ombe walikuwa wanasukumana kwenye mabirika.

"Salaam aleikum. Kisanduku inalala vizuri. Mtoto aliacha ujumbe kuna kitu kidogo imebaki kumaliza huko. Imeisha?"

Nikaitoa nafasi ile, nikatuma, anwani zote mbili.

Jibu lilikuja siku iliyofuata, maneno mawili. Mkewe akapiga kabla sijayasoma mara ya pili.

"Imelia. Ni fupi sana. Wanasema nini?"

"Wanasema imepokelewa. Asante."

"Asante kwa nani?"

"Hawajataja."

"Sasa wataandika tena lini?"

Ningeweza kusema sijui. Nilitamani sana kusema sijui. "Hawataandika tena, shemeji. Imeisha. Ndiyo ile aliyotaka."

Upande wake wa simu nilisikia watu wakipita barabarani wakisalimiana.

"Nitaiacha kwa chaji," alisema. "Leo tu."